Unga wa Tichborne

Katika miaka yangu yote ya kufundisha historia, swali nililowachosha nalo wanachuo lilikuwa moja: hati iko wapi? Anayesema shamba ni lake, anayesema babu yake aliahidiwa, anayesema kisima kilitolewa sadaka, na atuonyeshe hati. Ukali huo sikuutoa vitabuni. Chuo nilichokiongoza kiliwahi kupewa shamba na mzee mmoja jirani yetu, kwa mdomo tu, mbele ya watu, ili wanachuo walime chakula chao. Tulilima miaka kumi na mmoja. Mzee alipofariki warithi walikuja kudai mipaka, nasi hatukuwa na hata kikaratasi. Mwaka ule wanachuo walikunywa uji mwepesi kuliko desturi. Kosa lilikuwa langu mimi mkuu wa chuo. Mzee na wanawe siwalaumu.

Basi nilipokisoma kisa cha Tichborne kilinishika, maana kinanibishia.

Tichborne ni kijiji kidogo cha Uingereza, katika jimbo la Hampshire, chenye jina moja na ukoo wa makabaila waliokimiliki tangu enzi za kati. Husimuliwa kwamba katika karne ya 12 Bibi Mabella, mke wa Bwana Roger Tichborne, akiwa mahututi kitandani, alimwomba mumewe atenge ardhi ya kuwalisha maskini kila mwaka. Mume, ambaye mkono wake ulikuwa mzito, alichukua kijinga cha moto akamwambia: ardhi yote utakayoizunguka kabla hiki hakijazimika itakuwa ya maskini. Kusimama hakuweza. Alitambaa. Alizunguka ekari zipatazo 23, na shamba hilo hata leo huitwa kwa jina la kutambaa kwake. Aliporudishwa kitandani akaweka laana: siku sadaka hii itakapokatizwa, katika ukoo atazaliwa kizazi cha wana saba, kifuate kizazi cha mabinti saba, jina lipotee na nyumba ianguke.

Siwezi kukiapia kisa hiki. Lakini sadaka yenyewe ni ya hakika. Mwaka 1671 mchoraji Gillis van Tilborgh aliichora: bwana na familia yake, watumishi na wanakijiji, wote mbele ya jumba la kale. Na tangu kisa hicho kinapowekwa hadi wakati wa picha ile, dunia ya Kiingereza ilikuwa imepinduliwa. Mwaka 1547 serikali ya Edward wa Sita ilitaifisha mali zilizowekwa kwa ajili ya misa za marehemu, na sadaka nyingi za maskini zilizofungamana na misa hizo zikaenda nazo. Akina Tichborne walibaki Wakatoliki, wakateswa kwa hilo, na mmoja wao, kijana Chidiock, alinyongwa mwaka 1586 kwa njama dhidi ya Malkia Elizabeth. Sadaka ya shamba la Bibi haikufa.

Ikaja kukatizwa mwaka 1796. Sababu iliyotolewa ni kwamba kila tarehe 25 Machi, Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, kijiji kilifurika wazururaji na wevi kutoka kila upande, na mahakimu walilalamika. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Mwaka 1795 mavuno yalikuwa mabaya, bei ya ngano ilipanda mno, na watu walifanya ghasia za mkate sehemu nyingi za nchi. Mwezi Mei mwaka huo mahakimu wa Berkshire, jimbo la jirani, walikutana Speenhamland wakaamua mishahara ya vibarua iongezwe kutoka fedha za parokia kufuatana na bei ya mkate. Hao wazururaji walikuwa wenye njaa. Kwa sheria ya 1662 kila maskini alikuwa na parokia yake moja, na mgeni aliweza kurudishwa kwao asije akawa mzigo. Sadaka isiyouliza mtu ametoka wapi ilikuwa tundu katika ua huo.

Mwaka 1803 sehemu ya jumba la kale ilianguka, ndivyo inavyosimuliwa. Baroneti wa wakati huo, Henry, alikuwa na wana saba. Mrithi wake akapata mabinti saba. Mwalimu wa historia atanong'ona kwamba wana wakubwa walikwisha kuzaliwa kabla ya 1796, yaani laana ililitangulia kosa. Kwa watu wa Hampshire hilo halikuwa na uzito, wala kwa ukoo wenyewe: karibu na mwaka 1836 sadaka ilirudishwa, safari hii kwa wenyeji tu. Tundu lilizibwa. Hata hivyo ubaroneti ulikwisha mwaka 1968, alipofariki mwenye cheo wa mwisho bila mtoto wa kiume. Unga bado hugawiwa. Padre huubariki, kila mtu mzima hupimiwa galoni moja na mtoto nusu yake, na watu huja na mifuko na foronya za mito.

Sisi tuliozoea wakfu wa pwani tutauliza msimamizi ni nani na hati ni ipi. Tume za serikali zilizokagua sadaka za Uingereza kati ya 1818 na 1837 zilikuta sadaka nyingi zimepotea, zimemezwa na mashamba ya wasimamizi, ingawa baadhi zilikuwa na wosia ulioandikwa. Bibi Mabella hakuandika kitu. Aliiweka hati yake mahali ambapo warithi wasingeweza kuichoma, yaani ndani ya hofu yao wenyewe.

Lakini ukoo huo ulitoa posho nyingine. Andrew Bogle alizaliwa mtumwa Jamaica, akaletwa Uingereza na Edward Tichborne aliyesimamia mashamba huko, akamtumikia miaka mingi. Bwana wake alipofariki mwaka 1853, Bogle alipata pauni 50 kwa mwaka, akahamia Australia. Huko, mwaka 1866, alikutana na mtu aliyedai kuwa ni Roger Tichborne, mrithi aliyepotea baharini mwaka 1854. Bogle alisema ndiye, akarudi naye Uingereza kumtolea ushahidi. Ukoo ulimkatia zile pauni. Mahakamani wanasheria walimbana, hakuyumba. Mdai alihukumiwa mwaka 1874 kifungo cha miaka 14 kwa kula kiapo cha uongo. Naamini Bogle alikosea, lakini alisema alichokiona. Alifariki London mwaka 1877, maskini, na hakuna aliyekuwa ameweka laana kwa ajili yake.