Mashua za mashindano ya ski ya majini: kwa nini mota iko katikati

Lubumbashi iko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na haina ziwa kubwa sawa na Tanganyika ao Kivu. Baadhi ya maji mapana ya Haut-Katanga yametokana na mabwawa. Mfano ni ziwa Tshangalele, lililotokea kisha bwawa la Mwadingusha kujengwa juu ya mto Lufira. Kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka wa 1930. Ski ya majini inahitaji maji yaliyotulia, na mashua inayovuta mchezaji imetengenezwa kwa maji ya namna hiyo tu. Mtu akiiona, safi na yenye nguvu, anaweza kuwaza kwamba ingefaa pia kuvusha abiria ziwani. Haifai, na sababu ziko katika namna ilivyojengwa.

Mota ya ndani

Kwenye kanoti za kawaida za Kivu na Tanganyika, mota hufungwa nyuma, nje ya chombo. Mashua ya mashindano, yenye urefu wa karibu mita 6, iko na mota ndani, katikati kabisa. Mara nyingi ni mota ya esanse ya silinda 8, yenye nguvu ya farasi zaidi ya 300. Chuma kirefu kinatoka kwenye mota, kinapita chini ya sakafu na kuzungusha elisi, yaani yale mabawa ya chuma yanayosukuma maji. Usukani wa chini uko nyuma ya elisi.

Uzito ukikaa katikati, mashua hailali upande mchezaji anapovuta kamba kwa nguvu. Kamba yenyewe inafungwa kwenye mlingoti mfupi karibu na mota. Sehemu ya nyuma ya chini iko karibu bapa, ndiyo maana wimbi linalobaki nyuma ni dogo. Ukingo wa pembeni nao uko chini.

Kipimo cha mchezo

Katika slalomu, mashua inapita mstari mnyoofu wa mita 259, na mchezaji anazunguka maboya 6 yaliyowekwa mita 11.5 kutoka katikati ya njia. Mwendo wa juu kwa wanaume ni kilometa 58 kwa saa, na kwa wanawake 55. Kwa kilometa 58, njia yote inamalizika kwa sekunde 16 hivi. Kamba ya kwanza ina mita 18.25, kisha inafupishwa hatua kwa hatua. Wachezaji wakubwa wanafika kamba ya mita 9.75 ao chini yake: fupi kuliko umbali wa boya, kwa hiyo mwili na mkono ndivyo vinajaza pengo. Mwendo ukipanda ao kushuka kidogo tu, matokeo hayana haki. Siku hizi kompyuta yenye GPS ndiyo inashika mwendo, dereva anabaki na kazi ya kunyoosha njia.

Juu ya nyanda

Hewa ya Lubumbashi ni nyepesi kuliko ya pwani. Mota isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, basi hapa ni kama asilimia 12. Mafundi hufunga elisi ya hatua fupi zaidi ili mashua iweze kumwinua mchezaji haraka. Esanse nayo inaliwa sana: zaidi ya lita 15 kwa saa wakati wa kuvuta.

Hatari za kujua

Kwenye ziwa kubwa, upepo ukiamka, ukingo mfupi unaingiza maji haraka. Kupakia watu wengi kunaishusha zaidi. Elisi haiwezi kuinuliwa sawa na ile ya mota ya nyuma, basi kwenye maji mafupi inagonga mawe ao visiki.

Mvuke wa esanse unaweza kujikusanya ndani ya chumba cha mota na kulipuka. Kabla ya kuwasha, feni ya kutoa hewa inapaswa kuzunguka kwa dakika 4 hivi. Moshi wa mota una gesi isiyo na harufu inayoua. Hakuna mtu anayepaswa kujishikilia nyuma ya mashua wakati mota inanguruma.

Mchezaji akianguka, dereva anamrudia polepole, na mota inazimwa kabisa kabla hajapanda. Kila mchezaji anavaa jile ya kuokoa. Ndani ya mashua panahitajika watu wawili: dereva anayetazama mbele, na mwangalizi asiyeondoa macho kwa aliye majini. Penye wavuvi na mitumbwi, njia inatengwa kwanza. Isipotengwa, hakuna kuvuta.