Priamplifaya, kaseti ya nyanya na usiku mmoja Kilelengwani

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii kisingizio si kazi ya ofisi. Nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu! Basi leo tuache lugha za programu kidogo, tuzungumze historia ya kifaa ambacho wengi wetu tumekitumia miaka mingi bila kujua jina lake: priamplifaya. Lakini kwanza niwaambie kwa nini nilikiunda.

Shangazi yangu ana kaseti moja. Ndani yake nyanya, Mungu amrehemu, anaimba nyimbo za kubembeleza watoto kwa Kipokomo, nyumbani kwake Kilelengwani, kule Mto Tana unakokaribia bahari. Ilirekodiwa miaka ya 1980 kwa redio kaseti ya betri. Nakala nyingine hakuna. Mnamo Septemba 2012 Kilelengwani ilivamiwa, watu zaidi ya 30 wakauawa, wakiwemo askari polisi, na nyumba zikachomwa moto. Kaseti ilipona kwa sababu ilikuwa Malindi kwa shangazi, ndani ya bati la biskuti.

Siku moja aliitia kwenye redio yake ya zamani, akasikia mvumo tu na mtu anayenong'ona kwa mbali. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Nitolee sauti ya mama yangu humu."

Kama ilivyo kawaida yetu watu wa programu, nilikimbilia programu. Nikairekodi kaseti kwenye kompyuta na kujaribu kuondoa kelele. Kelele ikapungua, na nyanya akapungua nayo. Ndipo nikatambua kwamba tatizo lilikuwa limeshatokea kabla sauti haijafika kwenye kompyuta.

Hesabu yake ni hii. Hedi ya kaseti hutoa umeme usiofika hata nusu ya milivolti. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani zaidi ya mara 3,000 ya huo. Amplifaya kubwa inayosukuma spika huhitaji kiasi cha volti moja ndipo ifanye kazi yake. Katikati ya hao wawili anatakiwa mtu wa kupokea kitu kidogo sana, kukikuza, kukirekebisha uzito wa besi na sauti nyembamba, kisha kukikabidhi mbele. Huyo ndiye priamplifaya.

Je, alitoka wapi? Kwa sisi Waswahili hadithi naona inaanzia Bombay. Kabla ya 1925 mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa, na mtikisiko wa sauti yenyewe ndio uliochonga sahani. Mwaka 1925 kampuni kubwa zikaanza kurekodi kwa umeme, kwa maikrofoni na amplifaya za valvu. Miaka 3 tu baadaye, 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Angalieni bahati hiyo: nyimbo za Kiswahili ziliingia kwenye santuri wakati kurekodi kwa maikrofoni kulikuwa bado jambo geni.

Lakini wasikilizaji wengi walikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Humo sindano hutikisa kiwambo, sauti ikatoka kwenye pembe, umeme hauna kazi. Haja ya priamplifaya ilikuja pale sindano nayo ilipoanza kutoa umeme badala ya sauti, na umeme wenyewe ukawa haba.

Mwaka 1944 Harald Friis wa maabara ya Bell, Marekani, aliandika makala kuhusu kelele katika vipokeo vya redio. Hesabu yake inatuambia jambo ambalo kila fundi wa sauti analiishi: vikiwa vikuzaji kadhaa vimefuatana, kelele ya kile cha kwanza hukuzwa na vyote vinavyofuata, lakini kelele ya cha mwisho haikuzwi na yeyote. Kwa hiyo cha kwanza ndicho kinachoamua. Wanaprogramu tunalijua hili kwa njia yetu: data ikiharibiwa wakati wa kuingizwa, ripoti ya rangi nzuri haitaiponya.

Utamaduni wa kujiundia nyumbani nao una mwaka wake. Mwaka 1947 Mwingereza D.T.N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World michoro ya amplifaya ya wati 15 iliyokuwa safi kupita nyingi za dukani. Watu wa nchi mbalimbali wakainunulia valvu na transfoma, wakaiunda mezani kwao. Mwaka 1949 akaongeza michoro ya priamplifaya. Naona hiyo ilikuwa kama programu huria ya siku hizo: mchoro uko wazi, yeyote ajaribu.

Palibaki fujo moja. Kwenye santuri besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, ili mifereji isitanuke ikaingiliana, na sauti nyembamba huzidishwa, ili zipite juu ya mikwaruzo. Wakati wa kupiga, priamplifaya hufanya kinyume chake. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake! Mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kikaweka kipimo kimoja, na taratibu dunia ikakifuata. Ndiyo maana santuri ya taarabu ya lebo ya Mzuri, iliyotolewa na duka la Assanand la Mombasa, unaweza kuipiga leo kwa priamplifaya iliyoundwa popote, na besi ikakaa mahali pake.

Kisha mwaka 1963, huko Berlin, kampuni ya Philips ikaonyesha kaseti ndogo. Utepe wake hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na una kipimo chake mbali na cha santuri. Kaseti haikudai umeme wa ukutani. Betri zilitosha, kwa hiyo ilifika hata mahali kama Kilelengwani, na kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini aliweza kurekodi badala ya kusikiliza tu.

Haya, sasa turudi mezani kwangu. Nilinunua kifurushi cha vipuri vya priamplifaya ya santuri: bodi ndogo, chipu mbili za NE5532, rezista, kapasita, na karatasi moja ya maelezo. Nikabadilisha kapasita na rezista chache ili kifuate kipimo cha kaseti na kikuze zaidi. Deki kuukuu ambayo saketi yake ilikuwa imekufa lakini mota nzima, nikaifungua na kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye hedi. Jioni mbili za kulehemu, na kiungo kimoja kibovu kilichonila saa tatu nikikitafuta. Mdudu ni mdudu, awe kwenye msimbo au kwenye risasi!

Nilipowasha Nairobi, nikapokewa na mvumo. Umeme wetu wa ukutani hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kila waya wa nyumba huutangaza. Nikahamisha waya wa ardhi, nikaifunga bodi ndani ya lile bati la biskuti, mvumo ukapungua lakini haukuisha. Sauti ya chini ya nyanya ilikuwa bado imekaa ndani yake.

Wakati huo shangazi alikuwa anakwenda Kilelengwani kuona ndugu, nikaamua kufuatana naye na mzigo wangu. Nyumba tuliyofikia haina umeme wa ukutani. Ina paneli ya sola na betri ya volti 12. Mchana, nikiunganisha hapo, nilisikia mlio mwembamba kutoka kwenye kidhibiti cha sola. Usiku nikakitoa, nikabakisha betri peke yake, na kompyuta ikiendeshwa kwa betri yake. Nikavaa hedifoni... kimya. Mvumo ulionisumbua mjini haukuwepo. Nilisikia pumzi ya utepe tu, na nje vyura.

Bado sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi. Kaseti iliyorekodiwa kwa mashine yenye hedi iliyoinama hupoteza sauti nyembamba ikipigwa kwenye mashine iliyonyooka. Nikazungusha robo, nikarudisha kidogo. Ghafla herufi "s" zikatokea, na nyanya akawa yumo chumbani.

Nikampa shangazi hedifoni. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuimba pamoja naye polepole, na alipofika ubeti wa pili akanyamaza kusikiliza, kwa sababu huo alikuwa ameusahau.

Usiku ule nilikumbuka jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Mwaka uleule wa kaseti, 1963, kamati ya wanamuziki watano ilitunga wimbo wa taifa, "Ee Mungu Nguvu Yetu", kwa lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, iliyotoka kwa Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River. Wimbo wa mama kwa mtoto mmoja sasa hupigwa na bendi uwanjani. Ulikuzwa namna hiyo kwa sababu mtu wa kwanza aliupokea vizuri.

Tulipata nyimbo mbili kamili. Ya tatu haikupatikana. Aliyerekodi alikuwa ameiweka redio mbali, upande wa upepo, na sauti ya nyanya haikufika kwenye maikrofoni. Nilijaribu kila kitu hadi alfajiri. Friis alishaniambia: kilichopotea kwenye hatua ya kwanza hakuna amplifaya ya kukirudisha.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujafikiria kununua vipuri: simu uliyonayo mfukoni ina maikrofoni bora kuliko redio kaseti ile. Mkiwa na nyanya au babu anayekumbuka nyimbo, funga dirisha la upande wa upepo, isogeze simu karibu naye, umwombe aimbe. Kisha weka nakala mbili, mahali pawili tofauti.

Tuonane safari ijayo. Tutarudi kwenye programu, naahidi.