Daraja la II maana yake nini?

Tangazo limebandikwa ukutani kwenye stesheneri moja karibu na stendi ya Moshi: Afisa Muuguzi Daraja la II, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, Muuguzi Daraja la II. Mhitimu wa stashahada kutoka chuo cha Kibosho au Machame akiisoma mistari hiyo haraka haraka, ataona nafasi tatu zilizo sawa, na wapo wanaoomba ile ya juu ili kubahatisha. Kumbe hiyo II inasema jambo moja tu: hapa ndipo mtu anapoanzia kazi. Kinachozitenganisha ni maneno yaliyotangulia. Afisa Muuguzi ni wa shahada, Afisa Muuguzi Msaidizi ni wa stashahada, Muuguzi ni wa astashahada, yaani cheti. Mwenye stashahada ana mlango mmoja tu, wa katikati.

Katika utumishi wa umma, daraja ni hatua ndani ya muundo wa kada fulani. Namba hushuka mtumishi anapopanda: Dereva wa Daraja la II akipandishwa anakuwa wa Daraja la I, halafu Mwandamizi, halafu Mkuu. Wala si kada zote zinazoanzia II. Mtendaji wa Kijiji huanzia Daraja la III, na mzaliwa wa Rombo au Siha asidhani kukijua kijiji kunatosha. Tangazo hutaka kidato cha nne au cha sita pamoja na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii.

Kwa walimu kuna herufi tena. Mwalimu Daraja la III A ni wa astashahada, III B wa stashahada, III C wa shahada. Mtu aliyekaa darasani miaka yote akijua A ndiyo ya kujivunia, leo anaambiwa A ndiyo ya chini! Hapo simlaumu anayekosea.

Linalochanganya kuliko yote ni tangazo la Dereva Daraja la II. Mstari wa kwanza unataja daraja la cheo. Chini yake linadaiwa jingine, leseni ya Daraja la E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Kisha mwombaji anatoa cheti chake cha kidato cha nne na kukutana na daraja la aina ya tatu, la ufaulu. Kiingereza kina neno lake kwa kila moja. Kiswahili cha ofisini kimelibebesha neno moja maana zote. Sioni sababu ya kulifukuza, maana limeshazoeleka, ila waandaaji wa matangazo wangeandika "daraja la cheo" na "daraja la leseni", maswali mengi yangeisha. Kijana anayewapeleka watalii Tarangire kila wiki anaweza kuwa na leseni safi kabisa na bado akakwama, kwa sababu hana cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA au cha chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Uzoefu wa usukani hauzibi pengo hilo.

 

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na jina la kada, kisha sifa za mwombaji. Namba iache iwe ya mwisho. Na akitokea mtu anayetaka hela ili akuingize moja kwa moja Daraja la I, mkatalie: mwajiriwa mpya huanzia daraja lililotangazwa.