Safu ya Lugha: Sketi Haina Magurudumu

Anayetaka kuwavuta vijana wa Rumonge, Burundi, kwenye ubao wa magurudumu asiwaite kwenye “mchezo wa sketi” kwa kuiga neno skate la Kiingereza. Neno sketi lilitoka kwenye Kiingereza zamani na limeshapata kazi: ni vazi la kike. Ubao wa magurudumu ndio huo unaopandwa Kitintale, Kampala, na ulioingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Wala hauna tairi. Tairi ni mpira, kama wa baiskeli zinazobeba madumu ya mawese. Gurudumu ni duara zima linalozunguka.

Kitendo chenyewe? Mimi nasema kuserereka. Kuteleza ni mguu kuponyoka bila kukusudia. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wao hawakupanda ubao juu ya lami.