Mama, Binti na Nyumba ya Brooklyn

Barbados ni kisiwa kidogo cha Karibi, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 430. Kwa zaidi ya karne mbili ardhi yake nzuri ilikuwa ya miwa, na miwa ilikuwa ya mabwana. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na mwaka 1838 ukakoma utumishi wa lazima uliofuata, lakini mashamba yalibaki mikononi mwa walewale. Mtu mweusi alipata uhuru, ardhi hakupata. Ndiyo maana Wamarekani walipoanza kuchimba Mfereji wa Panama mwaka 1904, wanaume wa Barbados wapatao 20,000 walitia saini mikataba wakaenda. Wengi waliangamia huko kwa maradhi na baruti. Fedha zilizotumwa nyumbani na waliosalia ziliwalipia nauli ndugu zao, wake kwa waume, wakapanda meli za kwenda New York kabla sheria ya mwaka 1924 haijaubana mlango wa Marekani.

Huko Brooklyn, wanawake hao walipiga deki nyumba za Wazungu kwa ujira wa siku, wakaweka senti juu ya senti. Binti wa mmoja wao, Paule Marshall, alizaliwa mwaka 1929. Utotoni alikuwa akikaa pembeni jikoni, akimsikiliza mama yake na shoga zake wakizungumza baada ya kazi. Ukubwani alikiri kwamba wanawake wale ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza wa uandishi. Mwaka 1959 alitoa riwaya yake ya kwanza, *Brown Girl, Brownstones*.

Mhusika mkuu wake, Selina Boyce, tunakutana naye mwaka 1939 akiwa na miaka kumi. Mama yake, Silla, ana nia moja tu maishani: kununua nyumba ya mawe ya kahawia wanayopanga. Baba, Deighton, amerithi kipande cha ardhi Barbados na anaota kurudi kujenga. Silla anaiuza ardhi hiyo kwa siri, kwa barua za kughushi. Deighton naye anazitapanya fedha zote madukani kwa siku moja. Mwishowe Silla anamripoti mumewe kwa maofisa wa uhamiaji. Deighton anarudishwa kwa meli, na anakufa maji kisiwa chake kikiwa karibu. Selina, kwa uchungu, anamwita mama yake Hitler.

Ni rahisi kumhukumu Silla. Lakini Marshall anatuonyesha alikotoka: utotoni aling'oa magugu katika mashamba ya miwa pamoja na watoto wenzake, chini ya msimamizi mwenye mjeledi. Kwa mtu wa namna hiyo, hati ya nyumba ni kinga dhidi ya kurudi shambani. Ukatili wake una historia, na historia hiyo ndiyo mzigo anaorithishwa binti. Selina anapokua anakataa fedha za masomo za chama cha Wabarbados na kuamua kwenda Karibi. Hapo ndipo anapotambua kwamba anafuata nyayo za mama yake, ambaye naye aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na minane.

Kitabu kilisifiwa, kisha kikasahauliwa, mpaka kilipochapishwa upya mwaka 1981. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1989 Amy Tan alitoa *The Joy Luck Club*, kuhusu akina mama wa Kichina na mabinti zao San Francisco. Jamaica Kincaid wa Antigua akafuata na *Lucy* mwaka 1990, na Edwidge Danticat wa Haiti na *Breath, Eyes, Memory* mwaka 1994. Katika vitabu hivyo vyote, vita, umaskini na ukoloni vimeingia ndani ya nyumba, vimeketi kati ya mama na mwanawe.

Nyaraka za serikali zimehifadhi majina ya meli na idadi ya abiria. Waandishi hawa wamehifadhi kilichosemwa jikoni, na kwangu hiyo ni historia kamili. Leo Waswahili wanalea mabinti Muscat, London na Toronto. Wewe uliye binti wa mama kama huyo, muulize alikotoka na alichopoteza angali hai, kisha uandike, na uandike kwa Kiswahili.