Kabati la Njumu na Njia ya Pembe

Kila wauza vitu vya kale wa Ulaya wanapotangaza kabati la Kijerumani la njumu, lile lenye milango miwili ambayo ikifunguliwa hudhihirisha droo ndogo ndogo zilizopangika kama zidaka za nyumba ya mawe ya Lamu, huandikwa bei yake, na karne yake, na pengine jina la mji wa fundi. Lakini pembe nyeupe iliyochomekwa katika ule mti mweusi ilitoka wapi, hilo aghalabu halitajwi. Nami ninayeandika haya Mutakura, kaskazini ya Bujumbura, katika mji ambao Wajerumani waliuita Usumbura walipoweka boma lao mwaka 1897, naona swali hilo latuhusu sisi kuliko linavyomhusu muuzaji.

Makabati hayo yalipata sifa hasa Augsburg, mji wa mafundi fedha na maseremala, ambako tajiri mmoja, Philipp Hainhofer, mwanzoni mwa karne ya 17, alikuwa akiwakusanya mafundi wengi kwa kazi moja, huyu wa abunusi, huyu wa fedha, huyu wa saa, kisha akawauzia watawala kabati lililokwisha jazwa ajabu za dunia. Mashuhuri kuliko yote ni lile ambalo mji ule ulimtunukia Gustav Adolf, mfalme wa Sweden, mwaka 1632, naye hakuwahi kulistarehea, kwani mwaka huo huo aliuawa vitani Lützen. Leo limo katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Kileleni mwake, juu ya kilima cha marijani na makombe, imewekwa nazi pacha ya Shelisheli, ambayo zama zile hapakuwa na Mzungu aliyeujua mti wake, kwa kuwa iliokotwa ufuoni ikiletwa na mawimbi, hata wakadai kwamba yaota chini ya bahari. Basi miaka mia mbili na hamsini kabla Mjerumani hajatweka bendera yake pwani, bahari yetu ilikwisha kaa juu ya kabati lake.

Nilimwonyesha picha fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye siku hiyo alikuwa akipiga randa ubao wa libuyu. Akaitazama kitambo, akapitisha ukucha juu ya maua yale ya pembe, akasema, "Mwalimu, hawa walibandika mbao mbili nyembamba pamoja, nyeusi na nyeupe, wakazikata kwa msumeno mmoja, ndiyo maana ua limeingia tunduni bila nafasi." Ndivyo hasa. Na watu wa pwani nao hawakuwa wageni wa sanaa hiyo, kwani viti vya enzi vya Lamu na Pate vilitiwa njumu za pembe vivyo hivyo.

Si machache kati ya makabati yanayouzwa leo yaliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani waliporejea mitindo ya mababu zao. Na zama hizo pembe ilikuwa na njia inayojulikana. Ilishuka Ujiji, ikapita Tabora, ikafika Bagamoyo vichwani mwa wapagazi, ikavushwa Unguja, ambako nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na wakala tangu 1849. Burundi yenyewe haikuwa njia: Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, alijaribu kuiingia kwa nguvu, na watu wa mfalme wetu Mwezi Gisabo wakamrudisha nyuma. Ajabu ni kwamba fahari hiyo tuliitupa wenyewe baadaye, pale Bujumbura ilipokuwa ghala kuu la pembe za magendo katika miaka ya 1980, nayo nchi haina tembo wa kutajika, mpaka mataifa yalipoipiga marufuku biashara ya pembe baina ya nchi na nchi mwaka 1989.

Siku hizi, katika nchi za Umoja wa Ulaya, kitu cha pembe kilichochongwa kabla ya 1947 hakiuzwi bila cheti. Cheti hicho huthibitisha umri, njia hakiitaji. Msomaji wangu uliye Hamburg au Brussels, ukikutana na kabati la namna hii, ivute droo ya chini kabisa, uitazame njumu yake kwa mwangaza wa dirisha, kisha umuulize muuzaji: pembe hii ilipakiwa bandari gani?