Kisanduku cha Umeme cha Kompyuta: Kikae Ndani au Nje?

Leo tutasoma historia ya kitu ambacho watu wengi hawakitazami mpaka kiharibike. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: volti, ampea, wati.

Umeme wa ukutani una nguvu nyingi: volti 230 au 240 katika nchi zetu, volti 120 huko Marekani. Tena huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde moja. Kompyuta haiwezi kuutumia umeme wa namna hiyo. Sehemu zake za ndani hutaka umeme mdogo, kama volti 5 au 12, unaokwenda upande mmoja tu. Basi lazima pawe na kitu katikati, cha kuupunguza umeme na kuunyosha. Mafundi hukiita pawa saplai. Kikiwa nje, kwenye waya, watu wengi hukiita adapta. Sisi leo tutakiita kisanduku cha umeme.

Kazi hii ya kugeuza umeme huzaa joto, na joto ni adui wa kompyuta. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: je, kisanduku kikae ndani ya kompyuta, au nje?

Mwaka 1977 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Apple II. Wakati ule visanduku vingi vilikuwa na transfoma nzito ya chuma na shaba, yenye joto jingi. Bwana Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, hakutaka feni ndani ya mashine yake. Fundi Rod Holt akatengeneza kisanduku kinachoukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde moja. Umeme ukikatwa upesi hivyo, transfoma ndogo yatosha, na joto hupungua. Njia hii ilikwisha kutumika katika mitambo mingine, lakini kwa Apple II ilikiwezesha kisanduku kukaa ndani bila feni.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, nayo ikaweka kisanduku ndani, pamoja na feni. Kiliweza kutoa wati 63.5. Mwaka 1983 kompyuta yake ya pili, XT, ilipewa kisanduku cha wati 130, na AT ya mwaka 1984 ikapewa cha wati 192. Mashine zilizidi kuongezewa kazi, na kisanduku kikazidi kuongezewa nguvu.

Huko Uingereza, kampuni ya Sinclair ilitafuta bei ndogo. Mwaka 1982 ilitoa ZX Spectrum, na ile ya bei ya chini iliuzwa kwa pauni 125. Kisanduku chake cha volti 9 kilikaa nje. Kwa hiyo mashine ilikuwa ndogo na nyepesi. Tena kisanduku kikiharibika, mwenyewe huchomeka kingine, bila kuifungua kompyuta.

Lakini kila faida ina hasara yake. Mwaka huo huo wa 1982, kampuni ya Commodore ya Marekani ilitoa Commodore 64, nayo kisanduku chake kilikuwa nje. Vingi vya visanduku hivyo vilijazwa utomvu uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, hata fundi hakuweza kuvitengeneza. Vilipozeeka, baadhi yake vilitoa zaidi ya volti 5 zilizotakiwa, vikaziunguza chipu za kumbukumbu. Kwa macho kisanduku kilionekana kizima, kumbe kinaiua mashine.

Kampuni ya Coleco ilifanya jambo la ajabu zaidi. Katika kompyuta yake iitwayo Adam, ya mwaka 1983, kisanduku kiliwekwa ndani ya mashine ya kuchapia. Mashine ya kuchapia ikipelekwa kwa fundi, kompyuta nayo hulala.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo viitwavyo ATX. Tangu hapo viwanda vingi vilifuata vipimo vya namna moja vya kisanduku cha ndani, na fundi akaweza kununua cha kiwanda kimoja akakifunga katika kompyuta ya kiwanda kingine.

Je, kuna upande ulioshinda? Hapana. Kompyuta ndogo ya Apple, Mac mini, ilitoka mwaka 2005 na kisanduku cha nje. Mwaka 2010 kikaingizwa ndani. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ikakitoa nje kisanduku cha iMac, ili mashine iwe nyembamba ya milimita 11.5. Basi atakaye wembamba hukitoa nje. Atakaye waya mmoja tu mezani hukiweka ndani.

Na sisi tunapata nini katika historia hii? Kwanza, kisanduku cha ndani tusikifungue. Hata baada ya kuchomoa waya, umeme waweza kubaki ndani yake na kumdhuru mtu. Kazi hiyo ni ya fundi.

Pili, kisanduku cha nje tukisome kabla ya kukichomeka. Plagi kuingia katika tundu si dalili kwamba inafaa. Volti za kisanduku ziwe sawa na zile zinazotakiwa na mashine. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Tazameni pia mchoro wa alama ya kujumlisha na ya kutoa. Plagi ya ZX Spectrum ilikuwa na alama ya kutoa katikati, hali adapta nyingi zina alama ya kujumlisha hapo. Aliyekosea aliweza kuiharibu mashine yake.

Maandishi hayo ni madogo, lakini ninyi sasa mnajua kusoma. Darasa lenye kompyuta moja laweza kuipoteza kwa dakika moja, au kuilinda kwa kusoma mstari mmoja.

Maswali ya darasa:
1. Kisanduku cha umeme kina kazi gani?
2. Taja faida moja na hasara moja ya kisanduku cha nje.
3. Kompyuta yataka volti 12 na ampea 3. Adapta imeandikwa volti 12 na ampea 2. Je, yafaa? Kwa nini?